Pazia la Dakika Tano: Jicho Linapoonya Kabla ya Kiharusi

Wakati wa alasiri, vibaraza vya Mji Mkongwe hujaa wachezaji wa bao na watazamaji wao. Mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63 amekaa na kete mkononi, akihesabu mashimo ya mpinzani wake. Ghafla jicho lake la kulia linaingia giza kutoka juu kwenda chini, mithili ya pazia linaloshushwa dirishani. Hasikii maumivu yoyote. Anafikicha jicho, anaomba maji ya kunawa.

"Vipi, Maalim?"

"Kiwi tu hiki, kitapita."

Na kweli kinapita. Baada ya dakika tano hivi pazia linapanda, na kila kitu kinaonekana kama awali. "Yaliyopita si ndwele," anasema mmoja wa wazee, na mchezo unaendelea. Siku ya nne yake, Maalim anaamka kwa ajili ya sala ya alfajiri na kukuta mkono wake wa kushoto haunyanyuki.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini mwenendo wake si wa kubuni. Madaktari wa macho na wa mishipa ya fahamu wanaufahamu vyema, na kinachowasikitisha zaidi ni zile siku zilizopita kati ya bao na alfajiri ile. Zilikuwa siku za kuzuia. Giza la ghafla katika jicho moja, hata likidumu kwa dakika chache na kuondoka lenyewe, ni dharura ya kitabibu. Kuondoka kwake hakumaanishi kwamba ugonjwa umekwisha. Kunamaanisha kwamba bado kuna la kuokoa.

Jicho na ubongo hunywa kisima kimoja

Kila upande wa shingo una mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, uitwao ateri ya karotidi. Ukiweka vidole kando ya koromeo, unaweza kuhisi mapigo yake. Ateri hiyo hugawanyika mara mbili: tawi la nje huhudumia uso na ngozi ya kichwa, na tawi la ndani huingia kwenye fuvu. Tawi la ndani, kabla halijausambazia ubongo damu, hutoa ateri ya jicho. Kutoka kwenye ateri hiyo huchipuka mshipa mwembamba sana unaolisha retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa za kuona.

Kwa hiyo jicho na ubongo hunywa kutoka kisima kimoja. Uchafu ukiingia kisimani, huweza kufika kwa yeyote kati yao. Uchafu unaozungumziwa hapa ni mabonge madogo ya damu iliyoganda na chembe za lehemu zinazomeguka kutoka kwenye ukuta wa ateri uliochakaa. Chembe ikisafiri na kukwama kwenye mshipa wa retina, jicho huingia giza. Ikivunjika na kusukumwa mbele na damu, nuru hurudi. Chembe inayofuata huenda isipite njia ya jicho. Huenda ikapanda moja kwa moja hadi kwenye ubongo.

Hili linaeleza pia jambo ambalo huwachanganya wengi: kwa nini Maalim alipofuka jicho la kulia lakini akapooza mkono wa kushoto. Ateri ya kulia hulisha jicho la kulia na nusu ya kulia ya ubongo, na nusu hiyo ya ubongo ndiyo inayoongoza viungo vya upande wa kushoto. Pande mbili tofauti za mwili zilikuwa zikieleza habari za mshipa mmoja.

Ndiyo maana wataalamu wa kiharusi hawalitenganishi tena jicho na ubongo. Fasili za Shirika la Moyo la Marekani za mwaka 2009 na 2013 ziliiweka retina pamoja na ubongo na uti wa mgongo: upofu wa muda mfupi unaotokana na kukosa damu huhesabiwa kuwa kiharusi cha mpito, na ule wa kudumu huhesabiwa kuwa kiharusi kamili. Hatari ya kiharusi kikubwa huwa juu zaidi katika saa 48 za kwanza baada ya onyo, na hubaki juu katika wiki inayofuata.

Kinachoonekana nyuma ya mboni

Jicho ni mahali mwilini ambapo daktari anaweza kutazama mishipa midogo ya damu ikiwa hai bila kupasua ngozi. Uwezo huo ulianza mwaka 1851, pale mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alipotangaza kifaa chake cha kuangaza na kutazama ndani ya jicho. Miaka minane baadaye, mwaka 1859, Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza kwa mara ya kwanza hali ya mgonjwa ambaye mshipa mkuu wa retina ulizibwa na bonge lililotoka kwenye moyo wenye maradhi. Tangu mwanzo, basi, elimu ya upofu wa ghafla ilikuwa pia elimu ya moyo na mishipa.

Mwaka 1961, Robert Hollenhorst wa Mayo Clinic nchini Marekani alieleza vipande vidogo vya manjano vinavyong'aa ndani ya ateri za retina za wagonjwa wenye maradhi ya karotidi. Vilikuwa chembe za lehemu zilizomeguka shingoni na kukwama kwenye maungio ya mishipa. Mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Mgonjwa mwenye kipande hicho anaweza kuwa anaona vizuri kabisa na amekuja kliniki kutafuta miwani ya kusomea tu. Anayetazama kwa makini ataona taarifa ambayo mgonjwa hajaisikia mwilini mwake.

Ateri kuu ya retina ikizibwa kabisa, picha huwa nyingine. Retina hupauka na kuvimba, na katikati yake hubaki doa jekundu kama tunda la zambarau lililopasuliwa, kwa sababu sehemu hiyo ni nyembamba na huacha wekundu wa tabaka la chini uonekane. Ikiwa kilichozibwa ni vena, yaani mshipa unaorudisha damu, retina hujaa madoa ya damu kila upande. Kuziba kwa vena hutokea zaidi kwa wenye shinikizo la juu la damu, kisukari au presha ya macho. Hakubebi onyo lilelile la chembe zinazosafiri, lakini nako kunadai mwili mzima upimwe.

Saa inayohesabiwa kwa dakika

Retina hutumia oksijeni kwa wingi na haina akiba. Majaribio ya Sohan Singh Hayreh wa Chuo Kikuu cha Iowa kwa nyani waliozeeka, wenye mishipa iliyochakaa kama ya binadamu wa makamo, yalionyesha kwamba retina ilistahimili kukosa damu kwa takriban dakika 97 bila madhara yanayoonekana. Ilipofika dakika 240, madhara yalikuwa makubwa na ya kudumu.

Msomaji wa Unguja anaweza kuzilinganisha dakika hizo na safari anazozijua. Kutoka Nungwi hadi mjini ni zaidi ya kilomita 50, na kutoka Makunduchi ni zaidi ya hapo. Daladala husimama njiani, na kabla ya safari kuna kusubiri, kushauriana na wanafamilia na kutafuta nauli. Aliyelala akisema "nitaangalia kesho" ameshazipoteza dakika zote.

Ukweli unapaswa kusemwa hapa bila kupambwa. Kwa aliyekwisha kupoteza kuona kwa kuzibwa ateri kuu ya retina, hakuna tiba iliyothibitishwa kwamba hurudisha nuru. Kukanda jicho, kushusha shinikizo lake na kupumulia ndani ya mfuko ni mbinu za zamani ambazo ufanisi wake haukuwahi kuthibitishwa. Jaribio la EAGLE, lililochapishwa mwaka 2010, liliingiza dawa ya kuyeyusha damu moja kwa moja kwenye ateri ya jicho. Matokeo hayakuwa bora kuliko ya matibabu ya kawaida, na madhara yalikuwa mengi zaidi. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii anakimbizwa hospitali kwa sababu mbili: kutumia nafasi ndogo iliyopo kwa ajili ya jicho, na nafasi kubwa iliyopo kwa ajili ya ubongo. Ile ya pili ndiyo ambayo familia nyingi haziijui.

Nafasi hiyo kubwa ina ushahidi. Utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba wagonjwa waliokwisha kupata onyo, na ambao karotidi yao imebanwa kwa asilimia 70 au zaidi, walinusurika zaidi na kiharusi waliposafishwa ateri kwa upasuaji kuliko waliotumia dawa peke yake. Faida hiyo huwa kubwa pale upasuaji unapofanyika ndani ya wiki mbili tangu onyo, na hupungua kadiri siku zinavyopita. Kwa wengine wengi, dawa za kuzuia damu kuganda, za kushusha lehemu na za kudhibiti shinikizo la damu hutosha, mradi zianze mapema.

Chanzo hakifanani kwa kila mgonjwa

Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kuwatazama wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ambako karotidi iliyochakaa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Katika visiwa vya Zanzibar mhudumu anapaswa kutazama mbali zaidi ya shingo.

Mshukiwa mkubwa ni shinikizo la juu la damu. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa nalo, na wengi wao hawakuwa kwenye matibabu. Shinikizo hilo huchakaza mishipa mikubwa na midogo kwa pamoja. Kisukari na tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna na tambuu, huongeza uharibifu.

Kwa vijana, jicho linalozimika linapaswa kuupeleka mkono wa mhudumu kwenye moyo. Mapafu yanayojaa, mapigo yasiyo na mpangilio, au historia ya homa ya baridi yabisi utotoni huashiria vali zilizoharibika, na vali hizo huweza kurusha mabonge ya damu. Selimundu nayo, ambayo si ngeni katika koo nyingi za mwambao, huziba mishipa midogo ya retina hata kwa mtu mwenye umri wa miaka 20.

Kuna chanzo kimoja ambacho ni adimu kwa Waafrika lakini hakisamehe kikisahauliwa: uvimbe wa ateri za kichwa kwa watu waliopita miaka 50. Mgonjwa hulalamika kichwa kipya upande wa kipaji, ngozi ya kichwa kuuma anapochana nywele, na taya kuchoka anapotafuna. Jicho la kwanza likipofuka, la pili huweza kufuata ndani ya siku chache. Dawa ya steroidi huanzishwa na daktari mara tu anaposhuku, bila kusubiri majibu yote ya vipimo.

Mwisho, kope iliyoanguka pamoja na mboni iliyokuwa ndogo upande mmoja, hasa ikiambatana na maumivu ya shingo baada ya ajali au kunyanyua mzigo mzito, inaweza kuashiria kuchanika kwa ukuta wa karotidi. Huyo naye ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Duara la kijivu na vinundu vya manjano

Si kila alama ya jichoni ina uzito sawa, na kutisha watu bila sababu nako ni kosa. Wazee wengi huwa na duara la kijivu au jeupe kuzunguka sehemu nyeusi ya jicho. Duara hilo ni mafuta yaliyotuama kwenye konea. Kwa mzee ni jambo la umri, kama mvi, na halizuii kuona. Likionekana kwa mtu aliye chini ya miaka 45, apimwe lehemu, kwa kuwa huenda ana kasoro ya kurithi inayowahusu pia ndugu na watoto wake.

Vinundu laini vya manjano kwenye kope, karibu na pua, vina habari nyingine. Katika utafiti wa Copenhagen uliofuatilia zaidi ya watu 12,000 tangu miaka ya 1970 na kuchapishwa mwaka 2011, wenye vinundu hivyo walipata mshtuko wa moyo zaidi ya wengine, hata baada ya kiwango cha lehemu kuzingatiwa. Duara la konea peke yake halikuonyesha uhusiano huo. Mwenye vinundu hahitaji kukimbizwa usiku. Anahitaji kupimwa lehemu, sukari na shinikizo la damu ndani ya wiki chache.

Mgonjwa na familia wafanye nini

Pazia linaposhuka, hatua ya kwanza ni rahisi: kufunika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Ikiwa giza liko katika jicho moja tu, tatizo liko kwenye jicho au mishipa yake. Ikiwa nusu ya upande mmoja imepotea katika macho yote mawili, tatizo liko kwenye ubongo. Vyote viwili ni dharura. Saa iandikwe: giza lilianza lini, lilidumu kwa muda gani. Kisha safari ianze, hata kama kuona kumerudi. Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kupima na kuandika rufaa ya kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyopo Vuga, ambako ndiko rufaa za Unguja huelekezwa.

Yapo ya kuepuka. Asali, maji ya majani na wanja havifiki kwenye ateri, na huweza kuleta maambukizi. Matone ya macho yaliyobaki kwa jirani si tiba ya jicho hili. Aspirini hupunguza hatari ya kiharusi cha damu iliyoganda, lakini humdhuru mwenye damu inayovuja kwenye ubongo au vidonda vya tumbo, hivyo uamuzi wa kuitumia aachiwe daktari. Dua na ushauri wa wakubwa vina nafasi yake, na vinaweza kuendelea ndani ya gari.

Mhudumu wa kituo afanye nini

Kipimo cha kwanza ni masikio yake. Mgonjwa anayesema "limeshapona" anahitaji kuulizwa maswali yaleyale anayoulizwa ambaye bado haoni. Baada ya hapo, hatua zifuatazo hazihitaji mitambo:

- Kupima uwezo wa kuona wa kila jicho peke yake, na kuandika matokeo.
- Kumulika tochi jicho moja kisha jingine kwa kubadilishana. Mboni inayopanuka pale tochi inapohamishiwa kwake inaashiria kwamba retina au mshipa wa fahamu wa jicho hilo umeathirika.
- Kupima shinikizo la damu, sukari na mapigo, akiangalia kama mapigo hayana mpangilio, na kusikiliza moyo.
- Kuangalia uso, mikono na usemi kwa dalili za kiharusi.
- Kumuuliza aliyevuka miaka 50 kuhusu kichwa, ngozi ya kichwa na taya.
- Kumpa rufaa ya siku hiyohiyo, na kuandika kwenye karatasi neno "dharura" pamoja na saa dalili zilipoanza.

Kosa moja la nia njema linahitaji kutajwa. Shinikizo la damu likikutwa juu, kulishusha kwa kasi ndani ya saa chache kunaweza kulinyima jicho na ubongo damu kidogo iliyokuwa ikipita. Lishushwe kwa mpango, chini ya uangalizi wa daktari.

Hali nyingine zinazofanana zisichanganywe na hii. Jicho jekundu lenye maumivu makali na kutapika ni presha ya macho ya ghafla. Miale na vijidoa vinavyoelea vikifuatiwa na pazia lisilopanda huashiria retina iliyobanduka. Michirizi inayometameta katika macho yote, kisha kichwa kuuma, mara nyingi ni kipandauso. Mbili za kwanza nazo ni za kufikishwa kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Kabla pazia halijashuka

Mishipa huchakaa kwa miaka mingi, na hulindwa kwa miaka mingi. Kupima shinikizo la damu, kupunguza chumvi, kuacha tumbaku na kutembea ni mambo yanayojulikana. Ambalo husahaulika ni kwamba dawa ya shinikizo haikatizwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri: kujisikia vizuri ndiyo kazi yake. Mwezi wa Ramadhani ni kipindi cha kuangaliwa zaidi. Wagonjwa wengi huacha dawa kwa kukosa kujua kwamba nyingi kati yake zinaweza kupangwa upya kwa futari na daku. Mazungumzo hayo yafanyike na daktari mwezi wa Shaabani, kabla mwezi haujaandama. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Tukirudi kibarazani, hakuna aliyekusudia mabaya alasiri ile. Maalim hakutaka kuharibu mchezo, na mzee aliyetaja methali alitaka kumliwaza mwenzake. Lakini methali yenyewe ina nusu ya pili, ambayo haikusemwa: tugange yajayo. Giza la dakika tano lilikuwa limekwisha. Kilichokuwa kinakuja ndicho kilichohitaji kugangwa, na kilikuwa na siku tatu tu njiani. Mchezaji mwingine wa bao akifikicha jicho na kusema ni kiwi, kete ziwekwe chini, afunikwe jicho moja kisha jingine, na mmoja wa waliokaa hapo ainuke kutafuta gari.